REFA HAVAI JEZI: VIJANA, MBONA TUNAMSAHAU SPIKA?



Ndugu zangu vijana, hebu tufanye mtihani mdogo. Gavana wako unamjua. Mbunge wako unamjua, na nambari ya gari lake pia. MCA wako ndiyo usiseme, huyo wakati wa kampeni alikuwa hakosi barazani kwenu. Haya, sasa bila kuangalia simu: spika wa bunge la kaunti yako anaitwa nani? Na mwaka huu amefanya uamuzi gani?

Najua wengi mmenyamaza. Basi huo ukimya ndio tuuzungumze leo, kwa sababu kuna watu wanakula kupitia huo huo ukimya wetu.

Sisi tumezoea. Barabara mbovu, gavana. Hospitali haina dawa, gavana. Basari imechelewa, MCA. Kijana amechukuliwa usiku na watu waliofunika nyuso, ndani ya gari lisilo na nambari, tunamkimbilia mbunge. Sawa, wote hao wana majukumu yao na wataulizwa. Lakini malalamiko hayo yote, yakitaka kutoka kwenye maneno ya barazani yawe jambo rasmi la kujadiliwa na kujibiwa, yanapita mlango mmoja. Mlango huo una mlinzi mwenye funguo, na mlinzi huyo anaitwa spika.

KITI HIKI KILIWEKWA KWA NINI?

Tusome Katiba yetu ya 2010, maana wengi tunaipeperusha kwenye maandamano na hatuifungui nyumbani. Kifungu cha 106 kinasema spika wa Bunge la Taifa na spika wa Seneti wanachaguliwa na wabunge wenyewe, lakini kutoka kwa watu ambao si wabunge. Kifungu cha 178 kinasema vivyo hivyo kwa bunge la kaunti. Maana yake, ukikaa kwenye kiti hicho huna wadi na huna eneo bunge. Huna wapiga kura wa kuwapendelea wala barabara ya kwenu ya kuipigania.

Kifungu cha 122 kikaenda mbele zaidi. Spika wa Bunge hana kura. Kura zikilingana pande mbili, haongezi yake kuamua mshindi. Hoja imeanguka, basi.

Tafakarini hapo. Mtu anayekaa juu kuliko wote, ambaye akiingia siwa inabebwa mbele yake na watu wote wanasimama, ndiye peke yake asiyeruhusiwa kupiga kura ya ndiyo wala siyo. Walioandika Katiba hawakusahau. Walitaka refa, na refa havai jezi ya timu yoyote.

Na sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya siwa. Ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate zilikuwa alama ya mamlaka ya mji. Anayeibeba si yake. Amekabidhiwa.

Wala msidhani kiti hiki ni pambo. Urais ukibaki wazi na hakuna naibu rais, Kifungu cha 146 kinampa Spika wa Bunge la Taifa kukaimu urais, na uchaguzi ufanywe ndani ya siku 60. Kwenye kaunti ni hivyo hivyo kwa Kifungu cha 182: gavana hayupo, naibu wake hayupo, spika ndiye anayeshika kaunti. Yaani mtu ambaye hukumpigia kura hata siku moja anaweza kulala spika akaamka gavana wako. Na jina lake hulijui!

FUNGUO NNE

Kazi ya spika si kupiga nyundo na kusema "order" tu. Ana funguo nne ambazo kila kijana anafaa kuzijua.

Ya kwanza ni ombi la mwananchi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa haki hiyo mbele ya bunge la kaunti. Kila mtu, hata asiye na chama, hata mama anayeuza mahamri. Lakini ombi halijisomi lenyewe. Lazima lipokelewe, lipitishwe, litajwe mbele ya waheshimiwa, lipelekwe kwa kamati. Likikwama ofisini, haki yako imekwama nalo.

Ya pili ni mdomo. Spika ndiye anayeamua nani asimame, aongee dakika ngapi, na nani akae chini. MCA wako anaweza kuwa simba barazani, lakini mle ndani asipoonekana na jicho la spika ni bubu.

Ya tatu ni sikio. Kura nyingi mle ndani hazihesabiwi. Spika anauliza: wanaokubali? Wanapiga kelele. Wanaokataa? Wanapiga kelele. Kisha yeye, kwa masikio yake mawili, anatangaza nani ameshinda. Kama hakuna kundi la kutosha la kusimama na kudai kura zihesabiwe, imeisha hapo. Sheria ya kukubana wewe miaka kumi inaweza kupita kwa sikio la mtu mmoja.

Ya nne ni mlango wenyewe. Kifungu cha 118 kwa Bunge na cha 196 kwa kaunti vinasema vikao ni vya wazi, na wananchi na waandishi wa habari hawawezi kufungiwa nje, isipokuwa kwa hali ya kipekee ambayo spika ameamua kuna sababu za haki za kufanya hivyo. Kwa hivyo ukifukuzwa getini na askari anayekwambia "leo hakuna kuingia", jua kuwa si askari mwenye mamlaka hayo. Muulize kwa adabu: spika ametoa uamuzi gani, na kwa sababu gani?

TULIPOUMIZWA SISI

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya wanasheria. La. Mwaka wa 2014 yalitufika mlangoni.

Mkumbuke mwaka huo ulivyokuwa. Aprili ilikuwa Usalama Watch: Eastleigh ikasombwa, maelfu ya watu wakashikwa, wengi Wasomali, wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Novemba na Desemba yakaja mauaji ya Mandera, ya basi na ya machimbo ya mawe. Nchi ilikuwa na hofu, na hofu ni soko zuri la sheria mbaya.

Tarehe 18 Desemba 2014 mswada wa kurekebisha sheria za usalama ukaletwa kupitishwa. Wabunge walipigana. Karatasi zilichanwa, maji yakamwagwa, watu wakaimba. Kikao kilisimamishwa, kikarudi, fujo ikarudi nayo. Na katikati ya vurugu hiyo, ambapo mtu hamsikii aliye karibu naye, Spika Justin Muturi aliuliza maswali yake ya ndiyo na siyo, na mswada ukatangazwa umepita. Kesho yake ukatiwa sahihi ukawa sheria.

Mle ndani mlikuwa na nini? Mlikuwa na kifungu cha kusema wakimbizi nchini wasizidi 150,000, wakati Kenya ilikuwa na zaidi ya nusu milioni, wengi wao ndugu zetu wa Dadaab. Mlikuwa na vifungu vya kuwabana waandishi wa habari. Mlikuwa na mambo ambayo tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu waliyatazama wakafuta vifungu 8 kwa kuvunja Katiba.

Alhamdulillah kwa mahakama. Lakini jiulize: vifungu 8 vilivyokwenda kinyume na Katiba vilipitaje kwenye nyumba yenye refa? Spika ana mamlaka ya kuahirisha kikao utulivu ukikosekana. Angeweza kusema, leo hapana, nyumba hii haisikilizani, tutarudi ikitulia. Hakuna aliyemzuia. Siku ile sikio moja lilidai kusikia "ndiyo" katikati ya makelele, na gharama yake ikaja mitaani kwetu.

INAWEZEKANA, NA WAPO WALIOFANYA

Msiniambie spika yeyote lazima awe mtumwa wa ikulu. Historia ya nchi hii inawasuta.

Oktoba 1975, wakati wa chama kimoja, Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Wakubwa wakakasirika, wakataka athibitishe maneno yake. Aliyekuwa kitini ni Naibu Spika Jean-Marie Seroney. Akaamua kwamba jambo lililo wazi halina haja ya kuthibitishwa. Basi! Siku chache baadaye polisi waliingia majengo ya Bunge wakawachukua wote wawili. Walizuiliwa bila kesi hadi Desemba 1978, Mzee Kenyatta alipokuwa ameshafariki. Seroney alijua nchi aliyokuwa akiishi, na bado alimlinda mbunge aliyesema kweli.

Februari 2011, Rais Kibaki alikuwa ameteua Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu na wengine, na Waziri Mkuu Raila Odinga akasema hakushauriwa kama Katiba mpya ilivyotaka. Spika Kenneth Marende aliamua majina hayo hayakufuata Katiba, hayawezi kuendelea. Rais akayaondoa. Kazi ikatangazwa upya, watu wakahojiwa hadharani, na Juni mwaka huo Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu. Uamuzi wa mtu mmoja kitini ulituongezea miaka ya mahakama yenye uti wa mgongo.

Kwa hivyo kiti hicho kinaweza kubeba mwanamume au mwanamke. Tatizo ni nani tunayemwachia akikalie.

JEZI INAPOONEKANA WAZI

Sasa tuje karibu. Baada ya uchaguzi wa 2022, ikawa kesi ni nani mwenye wabunge wengi katika Bunge la Taifa. Oktoba 2022 Spika Moses Wetang'ula aliamua ni Kenya Kwanza, muungano ambao chama chake mwenyewe kilikuwa ndani yake. Tarehe 7 Februari 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema uamuzi ule ulikwenda kinyume na Katiba, na wakasema pia si halali kuwa spika na wakati huo huo kiongozi wa chama cha siasa. Tarehe 12 Februari spika akarudi kitini, akasoma uamuzi mwingine: wengi bado ni Kenya Kwanza.

Mnaweza kubishana nani alikuwa na hesabu sahihi. Mimi hoja yangu si hesabu. Hoja yangu ni hii: refa akipuliza kipenga kumpa mmoja penalti, na yeye mwenyewe ni kapteni wa timu hiyo hiyo, hata kama ilikuwa penalti ya kweli, nani uwanjani ataamini? Uadilifu hautoshi kuwepo moyoni. Lazima uonekane.

KAUNTI ZETU NDIO KABISA

Nairobi angalau kuna kamera. Kwenye kaunti ni giza.

Utaratibu mnaujua. Uchaguzi ukiisha, kabla MCA hawajaapishwa, wanapelekwa hoteli. Huko wanalala, wanakula, wanapewa jina. Siku ya kuapishwa wanaenda kulipigia kura jina lile lile. Spika wa namna hiyo anamdai nani? Si wewe. Anamdai aliyelipia hoteli. Na aliyelipia hoteli mara nyingi ni yule yule ambaye bunge linatakiwa kumkagua pesa zake.

Ndugu zangu, nimeliona hili kwa macho yangu. Kaunti moja ya Pwani, sitaitaja, vijana tuliowaandaa walipeleka ombi kuhusu kiwanja cha makaburi ya Waislamu ambacho tajiri mmoja alikuwa akikimega. Ombi limeandikwa vizuri, kurasa na kurasa za sahihi, nakala imepigwa muhuri wa kupokelewa. Mwezi wa kwanza tukaambiwa linapitiwa. Mwezi wa tatu, "liko kwa spika". Mwezi wa sita, spika yuko safarini. Wakati huo mafundi wa ukuta hawakuwa safarini, walikuwa kazini kila siku, mpaka mawe yakafika juu ya makaburi ya wazee wetu. Na katika miezi hiyo hiyo bunge hilo hilo lilipitisha bajeti ya nyongeza ya gavana kwa alasiri moja. Hilo halikukaa kwa spika hata wiki.

Kuna tusi kubwa kuliko hilo? Wafu wetu wanangoja, na gavana hangoji.

Kisha tazameni Isiolo. Juni 2025 ilitangazwa kuwa bunge la kaunti limemwondoa gavana. Julai jambo likafika Seneti. Huko halikufika hata kwenye mashtaka yenyewe, kwa sababu swali lililoulizwa kwanza ni ambalo mtoto wa madrasa angelishangaa: bunge hilo liliketi kweli siku hiyo? Maseneta wakalitupa kwa pingamizi la awali. Sina haja ya kusema gavana alikuwa na makosa au hakuwa nayo. Ninachosema ni kwamba nyumba ikifika mahali watu wanabishana kama kikao kilikuwepo au hakikuwepo, mwananchi ameshapoteza. Kama gavana alikosa, hakujibu. Kama hakukosa, hakusafishwa.

"LAKINI TUNATAKA SPIKA WETU"

Hapa nitawaudhi wengine, mnisamehe. Kila msimu wa uchaguzi nasikia maneno haya: sisi tunataka spika Muislamu, mambo yatanyooka.

Jamaa, tangu 2013 kaunti zetu nyingi za Pwani na Kaskazini zimekuwa na maspika wenye majina kama yetu, wanaoswali safu moja na sisi. Je, maombi yetu yalisomwa haraka zaidi? Milango ya mabunge ilikuwa wazi zaidi? Jibu mnalo.

Uwakilishi ni haki yetu, na tutaupigania. Lakini jina la Kiislamu si uadilifu. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa imeziweka pamoja amana na hukumu ya haki baina ya watu, na watu hapo ni watu wote. Spika anayekalia ombi lako miezi sita amekalia amana, hata akiwa na sijda kwenye paji la uso. Na spika Mkristo anayelisoma ombi lako kwa wakati ametekeleza amana. Tupime kwa mizani hiyo, tusiuziwe kanzu.

Wengine wanasema spika ni mwanasiasa, hawezi kutokuwa na upande. Sawa, hata refa ana timu anayoishabikia nyumbani kwake. Kinachotakiwa ni akiingia uwanjani aiache jezi nyumbani. Akishindwa, kuna kazi nyingi nchini, si lazima awe spika.

TUFANYE NINI?

Hasira peke yake haina kazi. Haya ni matano ya kuanza nayo.

1. Mjue. Wiki hii tafuta jina la spika wa kaunti yako na la karani wa bunge. Weka hapa chini kwenye maoni. Tukifika kaunti zote za Pwani na Kaskazini tutakuwa tumeanza.

2. Hudhuria. Chagueni siku moja, vijana watano tu, mvae vizuri, mbebe vitambulisho, mwende mkae sehemu ya wananchi. Msipige kelele. Andikeni: nani amesema, nani amenyimwa nafasi, kura imepigwa vipi. Mkizuiwa getini, andikeni saa na sababu mliyopewa.

3. Pelekeni maombi kwa maandishi, na msiondoke bila nakala yenye muhuri na tarehe. Ombi la mdomo kwa MCA barazani si ombi, ni mazungumzo.

4. Fuatilieni kwa sheria. Ombi likinyamaziwa, andikeni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mwulize limefikia wapi. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Wakinyamaza hapo pia, sasa mna ushahidi, na ushahidi unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala au mahakamani.

5. Anzeni 2027 sasa. Mgombea wa MCA akija kuomba kura, usimuulize basari peke yake. Muulize: spika utakayemchagua atakuwa mtu wa aina gani? Utalala hoteli ya nani kabla ya kumchagua? Mrekodi akijibu. Akicheka tu, umepata jibu.

Na spika akizidi kuikalia haki ya watu, sheria inaruhusu aondolewe na wale wale waliomchagua. Si rahisi, inataka kura nyingi. Lakini MCA anayejua vijana 200 wa wadi yake wanahesabu vikao alivyohudhuria anakuwa jasiri ghafla. Hilo tumeliona pia.

Enyi vijana, maadui wa haki zetu hawatushindi kwa akili. Wanatushinda kwa kujua ni kiti gani cha kushika mapema, wakati sisi tunagombania picha na gavana. Wao walimtafuta mshika funguo wakati sisi tumelala. Basi tuamke, twende tukakae mbele yake, tumtazame, na tumwambie kwa heshima: mheshimiwa, hiyo siwa si yako. Ni yetu. Umekabidhiwa tu.

Ile kesi ya makaburi haijaisha. Ombi la pili limeshaandikwa, na safari hii tutakuwa sehemu ya wananchi siku ya kikao, Insha'Allah. Aliye tayari kuja aandike "NIPO" hapa chini na kaunti yake.

Wabillahi tawfiq.